Nabii Anakaa Siku Ngapi? Kupambanua Roho katika Maisha ya Kila Siku



Nitaanzia mbali kidogo. Mwaka 1873 kiongozi mmoja wa Kanisa la Kiorthodoksi, Philotheos Bryennios, alikuta katika maktaba moja ya Constantinople hati ya kale ya Kigiriki, na miaka kumi baadaye akachapisha sehemu yake iitwayo Didake, yaani Mafundisho ya Mitume Kumi na Wawili. Wataalamu wengi wanayaweka maandishi hayo mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili. Ni mafupi, unaweza kuyamaliza ukisubiri daladala.

Wakristo wa Didake walikuwa na tatizo tunalolijua vizuri. Manabii walizunguka kutoka mji hadi mji, na mtu angeweza kubisha hodi akasema ametumwa na Bwana. Utajuaje? Ungedhani mwandishi ataagiza nabii atoe ishara, au mwenyeji afunge na kuomba mpaka aote ndoto. Hapana. Anauliza maswali ya mwenye nyumba. Mgeni amekaa siku ngapi? Siku moja ni sawa, mbili ikibidi. Akikaa tatu, huyo ni nabii wa uongo. Akiondoka anabeba nini? Mkate wa kumfikisha malazi mengine, basi. Akiomba fedha, ni wa uongo. Akiwa katika roho akaagiza chakula kiandaliwe, tazama kama atakila mwenyewe. Nabii wa kweli hali. Anayofundisha ni kweli, lakini je, anayatenda? Halafu kuna nyongeza ninayoipenda: nabii akisema katika roho kwamba watu watoe kwa ajili ya wahitaji wengine, asihukumiwe.

Hoja yangu yote iko hapo. Tumezoea kudhani kwamba kupambanua ni kuona yasiyoonekana, kazi ya wateule wachache wanaofumba macho na kutaja pepo kwa majina. Paulo anaitaja kweli karama ya kupambanua roho katika 1 Wakorintho 12, nami siikatai. Lakini sura mbili mbele yake, manabii wanaposema, anaagiza wengine wapime. Na kipimo cha kale kilichotufikia kinaangalia mambo madogo ambayo hata mpishi wa nyumba anayaona: siku, mkate, fedha, mwenendo.

Wapo watakaosema kwamba kupima ni kumzimisha Roho. Wasome 1 Wathesalonike 5 bila kuruka mstari. Katazo la kumzimisha Roho na amri ya kujaribu mambo yote viko pamoja, pumzi moja.

Tulipoacha maswali haya ya mwenye nyumba, tulilipa. Machi 17 mwaka 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya waumini waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Walikuwa wameambiwa dunia itakwisha kabla ya mwaka huo, na wengi walikuwa wameuza mali zao. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa, watoto wakiwamo. Waliofika huko hawakuwa wajinga, nasi tuache kusema hivyo. Walikuwa watu wa maombi. Walichonyang'anywa ni jirani wa kuwauliza swali.

Lakini wengi wetu hatutafika Shakahola. Jaribu letu ni dogo zaidi na linakuja kila wiki. Chukueni lile neno maarufu katika vikundi vya vijana: kaka anamwendea dada baada ya mkesha, anamwambia Mungu amemwonyesha kwamba yeye ndiye mke wake. Dada anaogopa kukataa, maana nani atapingana na Mungu? Hapo Paulo anamsaidia: neno lipimwe na wengine. Mungu aliyezungumza na kaka anayo namba ya dada pia. Na ikiwa kaka anataka jibu kabla ya Jumapili, tena mama asiambiwe kwanza, basi upimaji umekwisha kufanyika nusu.

Kuhusu siri na haraka, mwalimu wangu ni Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na mzinga huko Pamplona. Akiwa kitandani aliomba hadithi za mashujaa. Hazikuwapo, akapewa maisha ya Kristo na ya watakatifu. Akawa na ndoto za mchana za aina mbili. Za kumtumikia bibi mmoja wa hadhi zilimburudisha kwa saa nyingi, kisha zikamwacha mkavu. Za kuishi kama Fransisko na Dominiko zilimburudisha pia, ila furaha yake ilibaki. Wakati wa kuota, zote zilikuwa tamu sawa. Tofauti ilionekana baadaye, na ilimchukua muda kuigundua.

Kutokana na hayo aliandika kanuni ambazo Papa Paulo wa Tatu aliziidhinisha mwaka 1548 ndani ya Mazoezi ya Kiroho. Moja inasema kwamba ukiwa katika ukiwa wa moyo, usibadili uamuzi ulioufanya ukiwa na faraja. Mwalimu aliyechoka na darasa la watoto themanini asiandike barua ya kujiuzulu Ijumaa jioni. Nyingine inasema adui hufanya kama mwanamume anayembembeleza binti wa watu: jambo analoliogopa kuliko yote ni baba mtu kuambiwa.

Ndugu wa Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea tangu miaka ya 1930 kutoka Rwanda na Uganda hadi Tanganyika na Kenya, walilijua hilo bila kumsoma Ignasi. Desturi yao waliiita kutembea nuruni: jambo lako unalileta mbele ya wenzako. Sitaki kuwapamba. Ushirika wenye nuru kali mno unaweza kugeuka kuwa baraza la kupekua maisha ya watu, na hapo wapimaji nao wanahitaji kupimwa. Hata hivyo, kati ya ndugu wanaouliza kupita kiasi na mtumishi asiyeulizwa kitu, najua nani nitamwachia mwanangu.

Nisieleweke kwamba upambanuzi ni ubahili au dharau kwa watumishi. Didake yenyewe haikomei kwenye kukagua. Nabii wa kweli akitaka kukaa na watu, anastahili chakula chake. Apewe malimbuko ya divai, nafaka, ng'ombe na kondoo, na hata ya fedha na mavazi. Kama kusanyiko halina nabii, mwandishi haliambii limtafute. Anasema tu malimbuko hayo wapewe maskini.