Usiseme "Mimi Ni Fundi Tu"



Leo tuzungumze juu ya swali ambalo kila mmoja wenu ataulizwa hapa Marekani: "Hebu tueleze habari zako." Mwajiri ataliuliza, mwalimu wa Kiingereza ataliuliza, hata jirani. Wengi wetu tunajibu kwa kusimulia vita, kambi na safari. Wengine husema, "Mimi ni fundi tu," kisha wananyamaza.

Sababu yake ninaijua. Tumelelewa tukiambiwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kambini Nyarugusu msemo huo ulikuwa na ukweli. Watu walijua mama yule anashona vitenge, anaimba kwaya na anasuka nywele. Hakuhitaji kujieleza. Hapa hakuna anayekujua. Ukinyamaza, mwajiri ataona huna ujuzi, nawe utaanzia chini kabisa hata kama umeshika cherehani miaka 15.

Kwa hiyo jifunze sentensi nne: jina lako, kazi ya mikono yako, miaka uliyoifanya, na kitu kimoja ulichotengeneza. Kwa mfano: "Ninaitwa fulani. Ninabuni na kushona nguo. Nimefanya kazi hii miaka 12. Nilishona sare za wanakwaya 40." Hapo ndipo uongeze: "Pia ninapenda kuimba na kulima mboga."

Neno "fundi" peke yake halitoshi. Kwetu kuna fundi cherehani, fundi baiskeli na fundi ujenzi. Kwa Kiingereza kila mmoja ana jina lake. Tafuta jina la kazi yako, ulizoee.

Kuwa na vipaji vingi si aibu. Lakini ukivitaja vyote kwa pumzi moja, msikilizaji hatakumbuka hata kimoja. Ukiomba kazi ya kushona, cherehani itangulie. Ukiomba kazi ya bustani, mboga zitangulie. Tena weka kwenye simu picha tano za kazi zako. Picha haihitaji Kiingereza.

Na habari za ukimbizi? Hizo ni zako. Utazisimulia ukitaka, kwa mtu unayemwamini. Sheria ya mwaka 1964 inakataza mwajiri mwenye wafanyakazi 15 au zaidi kukunyima kazi kwa sababu ya taifa ulikotoka, rangi au dini yako.

Tahadhari mbili kwa wanaotaka kuuza kazi zao. Kusuka nywele kwa malipo kunahitaji leseni katika baadhi ya majimbo, kwa hiyo uliza kwanza. Pia andika daftarini kila unachopata na unachotumia. Faida ya biashara yako ikifika dola 400 kwa mwaka, lazima uitangaze kwenye kodi, hata kama unashonea sebuleni.

Jioni hii kaeni pamoja nyumbani. Kila mtu mzima aseme sentensi zake nne. Watoto wawasaidie matamshi ya Kiingereza, lakini wasiwasemee. Siku ya usaili hawatakuwepo.

Kisha njooni ofisini nazo. Tutaziandika kwenye wasifu wako pamoja, na za kwanza zitakuwa kazi za mikono yako.