Asili ya "Blooper": Uwanjani au Redioni?



Nilikusudia jioni hii nizungumzie misimu ya makosa katika Kiingereza kwa jumla: "howler", "goof" na ndugu zao. Lakini juzi, kwenye semina, mwenzangu wa idara jirani alitamka bila kupepesa macho kwamba "blooper", yaani kule kuchapia hadharani, ni neno la besiboli. Basi nimeamua muda wangu nimpe yeye.

Tuingie kwenye kiwanja chake. Katika besiboli, "blooper" ni mpira uliopigwa kidhaifu, ukapaa kichovu, ukaanguka pasipo mtu, nyuma ya walinzi wa ndani na mbele ya wa nje. Mpigaji huyo anakimbilia kituo cha kwanza akichekelea. Kosa liko wapi? Mpira umemfaa aliyeupiga! Isitoshe, besiboli ina neno lake la kosa, "error", na ubao wa matokeo una safu yake kabisa. Mchezo unaohesabu makosa kwa jina, uje kuliita kosa kwa jina la bahati njema? Tarehe nazo zinamkana: kwa maana ya besiboli neno linaonekana katika maandishi mwaka 1937, ilhali watu wa redio walikuwa nalo tangu 1926.

Redio, basi, na hapa mniwie radhi nikikawia. Miaka ile Wamarekani wengi walisikiliza kwa mtambo uliobuniwa na Edwin Armstrong, aliyepewa hataza yake mwaka 1914. Mtambo ule ulichukua sehemu ya mawimbi yaliyokwisha kukuzwa, ukayarudisha mwanzo yakuzwe tena, hivyo taa moja ya redio ikafanya kazi ya kadhaa. Ila ukikizungusha kifundo kupita kiasi, kipokezi kinageuka kirushaji: kinatoa mawimbi yake kupitia antena, yanagongana na ya kituo, na mtaa mzima unasikia miluzi na vilio. Redio ya aina hiyo ndiyo iliyoitwa "blooper". Sisi tuliozungusha redio za babu zetu usiku tukisaka masafa mafupi, sauti ya mawimbi mawili yanayogombana hatuhitaji kuelezwa.

Tazameni: mtu hajui kifundo chake, hana habari kwamba anaharibu, na majirani wote wanasikia. Kuchapia hewani ni kitu gani kingine? Kufikia miaka ya 1940, neno hilo lilikwisha kuwa la ndimi zilizoteleza.

Wapo wanaomtaja Kermit Schafer, mkusanyaji wa makosa ya watangazaji. Huyo alilitangaza, hakulizaa. Santuri zake za miaka ya 1950 zina makosa yaliyoigizwa upya studio, likiwamo lile la mtangazaji Harry von Zell kumwita Rais Herbert Hoover "Hoobert Heever". Schafer alilipanga kana kwamba Rais alikuwa akikaribishwa kuhutubia. Kumbe von Zell alikuwa akisoma salamu za siku ya kuzaliwa ya Hoover, na mwenyewe hakuwapo.

Mwenzangu atajibu kwamba "bloop" ni tanakali ya sauti, na tanakali huweza kuzaliwa mara mbili, uwanjani na redioni, bila kuazimana. Nakubali. Lakini maana ya kosa ilitoka kwenye zao moja tu kati ya hayo mawili. Akileta mfano wa besiboli wa kabla ya 1926, tutazungumza upya. Hadi hapo, neno ni la redio.