Peponi na Ulimi wa Msomaji

Wapenzi wa riwaya wakiulizana wanasoma nini, aghalabu hutajiana vitabu teule vya shule. Riwaya isiyotahiniwa hutegemea ulimi wa msomaji mmoja ili imfikie mwenziwe. Kwa sababu hiyo Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, yastahiki kutajwa. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa ameichapisha riwaya hiyo kwa Kiingereza mwaka 1994. Tuzo ya Nobel, iliyowashtua wengi waliokuwa hawajamsoma, aliipata mwaka 2021.

Yusuf, mtoto aliyetolewa na babake kwa tajiri Aziz kufidia deni, amezoea kumwita tajiri huyo kwa jina la udugu, hadi Khalil anapomkanya: huyo si jamaa yake, ni seyyid. Kiingereza hakipambanui ami na mjomba. Kiswahili humlazimu mfasiri aamue iwapo uongo huo wa udugu ni wa upande wa baba au wa mama. Hapo msomaji asipite haraka. Aliyekwisha kuisoma Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) ya Adam Shafi atalitambua jumba la tajiri litazamwapo na mtumishi wake. Ambaye hajaisoma, na amwazime mwenzake.