Namba Kubwa Isikufanye Uruke Swali

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa watahiniwa wa KCSE na wazazi wao, Manyatta



Elimu ya sekondari iko chini ya serikali ya kitaifa. Sisi wa kaunti tuna chekechea na vyuo vya ufundi. Lakini watoto ni wetu sote, kwa hivyo nitasema.

Karatasi ya hisabati ina alama 100 na muda wa saa mbili na nusu. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Likija swali linalowataka msitumie majedwali wala kikokotoo, na ndani yake kuna 2³⁰, wengi huliruka. Msiliruke.

Shikeni kitu kimoja: 2¹⁰ ni 1,024, karibu sana na 1,000. Sasa 2³⁰ ni 2¹⁰ × 2¹⁰ × 2¹⁰, kwa sababu tukizidisha, vipeo hujumlishwa. Elfu mara elfu mara elfu ni bilioni moja. Hesabu kamili ni 1,073,741,824. Kadirio letu limepungua kwa takriban asilimia 7, maana tuliitupa ile 24 mara tatu. Kwa hivyo mkiulizwa jibu kamili, msiandike kadirio. Litumieni kukagua kama jibu lenu linaingia akilini.

Mnaofika Dunga mnalijua gugumaji. Katika hali nzuri linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Wiki 40 ni maradufu 20, na 2²⁰ ni kama milioni moja. Kutoka shina moja tu! Bila shaka ziwa halina nafasi isiyo na mwisho, lakini mnaona kwa nini wavuvi hulalamika mapema.

Je, kati ya 2⁴⁰ na 3²⁴, ipi kubwa? Vipeo vyote viwili vinagawanyika kwa 8. Ya kwanza ni 32⁸, ya pili ni 27⁸. Kwisha.

Tahadhari: 2¹⁰ × 2³ ni 2¹³. Si 4¹³, wala si 2³⁰.

Andikeni kila hatua, kwani kuna alama za njia hata jibu la mwisho likikosewa. Nanyi wazazi, si lazima mjue vipeo. Jioni muulizeni mtoto 2²⁰ ni kama ngapi, na akijibu, mwambieni awaonyeshe alivyofika hapo.