Kuongeza Maua katika Bustani ya Zamani



Matuta ya maua yaliyo mbele ya nyumba zetu, hapa Thika na kule Ruiru, mengi yalipandwa na waliotutangulia. Sasa twataka kuongeza vichaka vipya. Jambo hilo ni jema, ila lina adabu yake.

Kwanza, tusing'oe cha zamani kwa kupenda kipya; mizizi ya miaka mingi huushika udongo wetu mwekundu usichukuliwe na mvua. Pili, tupime nafasi kwa ukubwa wa kichaka kilichokomaa, wala si kwa mche ulio mkononi. Bogenvilia hupandwa ikiwa ndogo, kisha huyafunika mawaridi yote. Tatu, tupande masika yanapoanza, mwezi wa Machi au Aprili, kwa samadi iliyooza vema.

Nne, tumjue mgeni tunayemkaribisha. Lantana ililetwa kutoka Amerika kwa uzuri wa maua yake. Ndege wakala matunda, wakaeneza mbegu. Leo imevamia malisho katika sehemu nyingi za Kenya, na ng'ombe ailaye huugua ini, hata kufa. Nasi tuliipanda uani, tukaisifu. Pambo letu likawa hasara ya zizi la jirani.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tupande mgeni wa namna hiyo. Lantana tuing'oe kabla haijazaa, kila mmoja akianzia kwake.