Aliyekubali Kufa Siye Aliyekufa

Juma hili nataka kuzungumzia mchezo wa kompyuta, na najua wapo wenzangu ambao mkono umeshaanza kuelekea kwenye kitufe cha kuzima redio. Naomba subira yenu kidogo. Mimi nami nilikuwa mmoja wenu mpaka mwezi uliopita, binti wa dada yangu aliponijia na kusema: "Mjomba, wewe kazi yako ni kusikiliza maneno ya watu na kuyaeleza. Njoo unieleze mwisho wa gemu hii, maana tumegombana darasa zima."

Nilikwenda nikidhani nitakuta bunduki na magari. Nikakuta hadithi. Ni kitu kinachofanana na mchezo wa redio, ila kila mara mambo yanapofika njia panda kinasimama na kukuuliza wewe uliyekaa kwenye kiti: sasa huyu afanye nini? Ukishajibu, hadithi inakwenda ulikoisukuma. Tuliicheza usiku sita, yeye akishika vitufe, mimi nikishika kikombe cha chai na kutoa maoni ambayo hakuyaomba.

Mchezo wenyewe unaitwa Life is Strange. Ulitengenezwa na kampuni ya Dontnod ya Paris, ukatolewa kwa sehemu tano, ya kwanza Januari 2015 na ya mwisho Oktoba mwaka huohuo. Watengenezaji ni Wafaransa, lakini hadithi yao wameiweka Marekani, pwani ya jimbo la Oregon, katika mji mdogo wa kubuni uitwao Arcadia Bay. Yote yanatokea kati ya Jumatatu na Ijumaa ya juma moja, Oktoba 2013.

Max Caulfield ni msichana wa miaka 18, mwanafunzi wa upigaji picha. Amerudi katika mji aliokulia baada ya kukaa Seattle miaka mitano. Huko nyuma alikuwa na rafiki wa chanda na pete, Chloe Price. Baba yake Chloe, William, alikufa katika ajali ya gari mwaka 2008. Muda mfupi baadaye wazazi wa Max wakahama naye. Miaka mitano yote hiyo Max hakumtafuta rafiki yake. Hata sasa amerudi, wiki zimepita, na bado hajaenda kubisha hodi. Nawaomba mlishike hilo, kwani nitalirudia.

Siku ya Jumatatu, Max amejificha kwenye choo cha wasichana akimpiga picha kipepeo wa buluu aliyetua kwenye ndoo. Anaingia kijana mwenye bastola, Nathan Prescott, na nyuma yake msichana mwenye nywele zilizotiwa rangi ya buluu. Wanagombana, bastola inalia, msichana anaanguka. Max ananyosha mkono kwa woga, na wakati unarudi nyuma. Anajikuta yuko darasani tena, dakika chache kabla. Anakimbilia chooni, anabonyeza king'ora cha moto, kijana anashtuka, msichana anapona. Msichana huyo ndiye Chloe.

Sisi tuliojifunza utangazaji kwa kanda tunaujua mwendo huo. Unabonyeza, kanda inarudi ikilia kama ndege, unasikiliza upya, unarekebisha. Tofauti ni kwamba kanda haikasiriki. Mji wa Arcadia Bay unaanza kufanya vitimbi: theluji inaanguka siku ya joto, jua linapatwa pasipo kutazamiwa, ndege wanakufa, nyangumi wanajitupa ufukweni, miezi miwili inaonekana angani. Na Max ameoteshwa tangu mwanzo kwamba Ijumaa kimbunga kitatoka baharini na kuufuta mji.

Baadaye anagundua njia nyingine ya kurudi, yenye nguvu zaidi. Akiikazia macho picha aliyomo yeye mwenyewe, anaingia ndani ya siku ile picha ilipopigwa. Hapo ndipo anapofanya jambo ambalo wengi wetu tungelifanya bila kufikiri mara mbili. Anaingia katika picha ya mwaka 2008, anaficha funguo za gari, na William, badala ya kuendesha, anapanda basi. Baba amepona. Max anarudi siku za leo akiwa na furaha, anagonga mlango wa akina Price, William anafungua. Chloe anakuja nyuma yake katika kiti cha magurudumu. Kwa kuwa baba aliishi, Chloe alipata gari lake mwenyewe, akapata ajali katika gari hilo, akapooza tangu shingoni kwenda chini. Anapumua kwa mashine, na wazazi wamezama katika madeni ya matibabu.

Hapa kuna tukio ambalo mpwa wangu alilipitia haraka na mimi nikamwomba alirudie. Chloe aliyepooza anamweleza Max kwamba mwili wake unazidi kushindwa, na anamwomba amwongezee dawa ya mofini ili afe akiwa bado ana kumbukumbu njema. Mchezo unasimama na kukuuliza: utakubali au utakataa? Mpwa wangu alikataa. Lakini lolote utakalojibu, Max anarudi tena katika picha ile ya 2008, safari hii haigusi mikono funguo, anamtazama William akitoka mlangoni kwenda kufa, na ulimwengu wa Chloe aliyepooza unaachwa nyuma.

Yaliyobaki nayapitia upesi. Wasichana hao wawili wanamtafuta rafiki mwingine aliyepotea, Rachel Amber, wanaikuta maiti yake kwenye jaa la magari mabovu, na inafichuka kwamba mwalimu wa picha anayeheshimiwa na wote, Mark Jefferson, huwalewesha wasichana kwa dawa na kuwapiga picha katika chumba cha chini ya ardhi. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ni hadithi ya polisi kama zilivyo nyingine. Uzito uko Ijumaa, juu ya mwamba, karibu na mnara wa taa ya meli, kimbunga kikiwa kinakuja.

Chloe anatoa ile picha ya kipepeo wa Jumatatu. Anasema kimbunga hiki kimeletwa na kunusurika kwake. Max akirudi chooni na kuacha risasi iende ilikokuwa inakwenda, mji utapona. Anamtaja mama yake, Joyce, aliyeko mkahawani kule chini. Anasema yuko tayari. Kisha mchezo unaweka maneno mawili mbele yako: kumtoa Chloe au kuutoa mji.

Umeme ukakatika papo hapo. Sitanii. Tulikaa gizani saa nzima na robo tukibishana, na pengine ndiyo saa bora niliyopata kukaa na mpwa wangu tangu awe mtu mzima.

Maelezo ya kawaida ya mwisho huu ni hesabu. Mmoja kwa mamia. Mpwa wangu alianzia hapo: "Mjomba, mji mzima ule, na mama yake yumo. Halafu yeye mwenyewe amekubali." Wapo wanaopinga kwa kusema kuwa kumtoa Chloe kunafuta kila ulichofanya siku tano, hivyo mchezo umekudanganya, na upande wa pili umetengenezwa kwa uchache, mji unabomoka, wasichana wanapita katika magofu ndani ya gari lao kuukuu, basi, kwisha. Malalamiko hayo yote nayaelewa. Lakini mimi nilikwama kwenye yale maneno ya mwisho ya mpwa wangu, kwamba amekubali.

Ni nani aliyekubali? Aliyekubali ni Chloe wa Ijumaa. Huyo amempata rafiki yake tena. Amekaa naye siku tano, wamecheka, wamevunja kufuli, wamemzika Rachel mioyoni, amesikia kwa masikio yake kwamba hakusahauliwa. Mtu aliyepata hayo anaweza kusema niko tayari. Sasa nani anayekufa? Anayekufa ni Chloe wa Jumatatu. Huyo hajui lolote. Kwake yeye Max ni rafiki aliyeondoka msiba ukiwa bado mbichi na hakutazama nyuma. Hajui hata kama amerudi mjini. Anakufa kwenye sakafu ya choo, akiwa mpweke, na rafiki yake yuko hatua chache kutoka pale, amejikunyata kwenye kona, akisikia na kunyamaza. Chloe wa Jumatatu hakuulizwa. Hakuna aliyemwambia kwamba kifo chake ni kwa ajili ya mama yake. Kwake ni risasi tu.

Nilipomweleza hivyo mpwa wangu alikaa kimya, kisha akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Basi, Mjomba, ni sawasawa na watu wa mjini. Na wao hawakuulizwa." Ni kweli. Ukiuchana ule mfano wa kipepeo, yaani Max akiichana picha, Joyce naye anafikiwa na kimbunga akiwa kazini bila kujua kwamba juu ya mwamba palikuwa na mazungumzo.

Wako watakaosema: lakini ni mtu yuleyule, Jumatatu na Ijumaa. Mchezo wenyewe unakanusha. Katika sehemu ya mwisho Max anapita katika ndoto mbaya, na ndani ya mkahawa anakutana na Max mwingine, sura ileile, nguo zilezile, anayemshutumu kuwa kila aliporuka kutoka wakati mmoja kwenda mwingine aliacha nyuma Max mwenzake ateseke. Ni ndoto, ndiyo, na ndoto si ushahidi. Lakini ukiichukua kwa uzito, nyakati hizi hazifutwi kama kanda. Zinaachwa, kama vituo vya reli. Kule nyuma yupo bado William aliyezeeka akihesabu madeni kando ya kitanda cha bintiye. Na huenda juu ya mwamba yupo bado Chloe wa Ijumaa, anautazama mji ukibomoka, mkono wake umeshika hewa mahali Max alipokuwa amesimama.

Kuna jambo jingine ambalo huwa linasahaulika. Wakati wa kuchagua, hakuna anayejua kwamba kimbunga kitaondoka. Chloe anadhani hivyo, Max anaamini hivyo, lakini mchezo haujaeleza popote kimetoka wapi. Tunapata hakika baada tu ya risasi, tunapoona kaburi chini ya jua na kipepeo wa buluu akitua juu ya jeneza. Max anarudi katika choo kile kwa imani tupu. Ndiyo maana sikubali kuiita hesabu. Kwenye hesabu unazo tarakimu mkononi kabla ya kujibu.

Waliouendeleza mchezo huu nao hawakuthubutu kuamua. Mwaka 2024 ilitoka Life is Strange: Double Exposure, iliyotengenezwa na kampuni nyingine, Deck Nine ya Marekani, ambamo Max ni mtu mzima anayefundisha picha chuoni. Mapema kabisa mchezo unakuuliza ulichagua nini kule mwambani, kisha unaendelea kwa jibu lako. Ukisema uliutoa mji, unakuta Chloe yu hai lakini wameachana, na wachezaji wengi walikasirika mno, wakiona wamelipa mji mzima kwa urafiki usiodumu. Mimi sikuona ajabu. Kuishi na mtu ambaye kila akikutazama anamkumbuka mama yake si jambo jepesi.

Umeme uliporudi mpwa wangu alinisukumia vitufe. "Chagua wewe." Niliutoa uhai wa Chloe. Sikuweza kufanya vinginevyo; Joyce alikuwa amenimiminia kahawa, kwa namna ya kusema, usiku sita. Ila nilikataa kujifariji kwamba alikubali.

Na niwaambie kwa nini nilishikwa hivyo. Nilipokuwa nasomea stashahada ya uandishi wa habari nilikuwa na mwenzangu wa bweni, tuliyegawana naye kinasa sauti kimoja na sabuni moja. Baada ya masomo alikwenda Mwanza, mimi nikabaki hapa. Aliniandikia barua tatu. Ya kwanza niliisoma kwenye daladala nikacheka peke yangu. Niliziweka zote katika bahasha moja, nikisema nitazijibu kwa mpigo nikipata nafasi. Habari za kifo chake nilizipata kwa mtu wa tatu, miezi minne baada ya maziko. Bahasha bado ninayo.

Kwa hiyo ile sakafu ya choo niliitazama kwa jicho langu. Mpwa wangu aliona, ingawa nadhani hakujua aliloona. Alizima televisheni, akakusanya vikombe, na alipofika mlangoni akageuka: "Mjomba, kama Max angetoa kikohozi tu pale kwenye kona. Chloe akajua kuna mtu. Kimbunga kingekuja?"

Nimelifikiria swali hilo juma zima, na bado sijampa jibu.