Mzee Aliyekwenda Maskati

Tumezoea kuipima kazi ya mtumishi kwa kuhesabu: amebatiza wangapi, amejenga makanisa mangapi. Asubuhi ya leo twataka kuwasimulia habari za mtu ambaye hesabu ya namna hiyo, katika siku zake za mwisho, ingemkuta mikono mitupu.

Jina lake ni Thomas Valpy French. Alikuwa askofu wa kwanza wa Lahore, mji ambao leo uko Pakistan, na watu wa huko walimwita padri wa lugha saba. Mwaka 1887 alijiuzulu. Mzee kama huyo sisi tungemtafutia kiti kivulini na kumwambia, "Baba Askofu, umefanya kazi, sasa pumzika."

Lakini wito ulitoka huku kwetu Afrika. Alexander Mackay, yule fundi mmisionari wa Uganda, aliandika mwaka 1888 kutoka Usambiro, kusini mwa Ziwa Viktoria, akiwasihi Wakristo wapeleke watumishi Maskati. Alikuwa ameona jinsi Maskati na Unguja zilivyofungamana kwa ukoo wa masultani na kwa biashara, hata ile biashara chungu ya kuuza watu. Mackay alifariki Februari 1890. Mwaka mmoja baadaye French, mwenye umri wa miaka 66, akashuka Maskati, mkewe na watoto wako mbali.

Mji ule umezungukwa na majabali. Mchana mawe hunywa jua, usiku huyatapika yale joto, nawe hulali. Anayeijua Mombasa mwezi wa Machi asidhani ameijua Maskati mwezi wa Mei! Mzee yule alichukua Kitabu chake, akaenda kuketi penye watu, akawasomea kwa Kiarabu wale waliokubali kusikiliza. Wengine walimkaribisha kwa adabu, wengine hawakumtaka. Mwezi wa Mei akapanda mashua isiyo na kivuli kwenda Sib, akitumaini kuingia bara. (Ndugu zetu wanaokwenda Omani kutafuta kazi hutua Sib hiyo hiyo, kwani uwanja wa ndege uko huko.) Jua likampiga. Alikutwa amezimia, akarudishwa Maskati, na tarehe 14 Mei 1891 akafariki. Hakuacha kanisa nyuma yake.

Tusiharakishe kumpamba. Safari ile, kwa umri ule na jua lile, hata sisi twaitikisia kichwa; na nyumbani alibaki mjane. Lakini Musa naye aliiona nchi kwa macho tu, wala hatusemi kwamba alitembea bure.

Walimzika katika ghuba ndogo chini ya majabali, kati ya makaburi ya mabaharia, mahali ambapo watu walifika kwa mashua. Mwaka 1893 kijana Mmarekani, Peter Zwemer, akaja kukaa Maskati. Mwaka 1896 alikabidhiwa wavulana 18 waliookolewa katika jahazi la wafanya biashara ya watumwa. Akawapa chakula na mavazi, akawafundisha kusoma. Walikuwa watoto wa Afrika, bara hili ambalo Mackay aliandikia waraka wake.